Wazee Walisema Anastahili

NEEMA: Bwana Yesu asifiwe, msikilizaji. Mimi ni Neema, niko na kaka Elisha. Leo tumefungua Luka 7, yule akida wa Kapernaumu, yaani kamanda wa askari, asiye Myahudi, ambaye mtumishi wake alikuwa hoi, karibu kufa.

ELISHA: Amina, dada. Mimi walionishika ni wale wazee wa Wayahudi. Wanamsihi Yesu: "Amestahili huyu umtendee neno hili." Kisa? Alitujengea sinagogi.

NEEMA: Ndivyo tunavyofanya kwenye harambee. "Mchungaji, mzee huyu ndiye aliyetoa mabati yote, mwombee kwanza."

ELISHA: Kabisa. Na kweli alitoa! Pale Kapernaumu, kando ya Ziwa la Galilaya, kuna magofu ya sinagogi la mawe meupe. Hilo ni la karne za baadaye, ila limekaa juu ya kuta za mawe meusi ya volkano, na wapo wataalamu wanaoamini kuta hizo ni za sinagogi la siku za Yesu. Jengo zima, dada! Lakini yeye mwenyewe halitaji. Anatuma rafiki waseme: "Sistahili wewe uingie chini ya dari yangu."

NEEMA: Ngoja hapo. Wengi tukisikia "sistahili" tunadhani mtu anajidharau. Mbona huyu anaomba kubwa kuliko wengine? Yairo, yule mkuu wa sinagogi aliyekuwa na binti mgonjwa, alitaka Yesu aje, aweke mikono. Akida anasema usijisumbue kuja, sema neno tu.

ELISHA: Kwa sababu anajua amri inavyokwenda. "Mimi nami ni mtu niliyewekwa chini ya mamlaka." Anaanza na walio juu yake, ndipo anataja askari wake. Amezoea kutii, kwa hiyo hashangai kwamba ugonjwa nao utamtii Yesu. Kwangu mimi, imani yake imetokea humo humo kwenye unyenyekevu.

NEEMA: Na Yesu akastaajabu.

ELISHA: Injili zinataja Yesu kustaajabu mara mbili tu: kwa imani ya huyu mgeni, na kule Nazareti, Marko 6, kwa kutokuamini kwao. Nazareti walimzoea. "Huyu si yule seremala?"

NEEMA: Linanichoma hilo, maana sisi tumekulia kanisani. Shule ya Jumapili, kwaya, vipaimara. Tunaweza kumzoea Bwana hivyo hivyo.

ELISHA: Ndiyo maana nawapenda ndugu zetu Wakatoliki kwa kuyasema maneno ya akida kila Misa kabla ya komunyo.

NEEMA: Kuna mama ametuandikia. Ameimba kwaya miaka mingi, sasa mwanawe anaumwa, anauliza mbona Mungu hamsikii na amemtumikia hivyo.

ELISHA: Mama, pole sana. Hatukwambii imani yako ni ndogo. Tunakwambia tu huna haja ya kumpelekea Yesu hesabu ya kwaya. Mwambie jina la mtoto na anavyoumwa, basi.

NEEMA: Tumwombee sasa hivi, kaka, kabla hatujaendelea.