Kujiandaa kwa Mtihani wa Ubingwa wa Tiba Mionzi Ukiwa Mbali na Mashine

(Mhadhara uliotolewa mjini Tabora mbele ya madaktari, wauguzi na wataalamu wa mionzi)

Wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, shikamooni. Madaktari wenzangu, wauguzi na wataalamu wa mionzi, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie namna daktari anayefanya kazi Tabora anavyoweza kujiandaa kwa mitihani ya ubingwa wa tiba mionzi kwa njia ya mafunzo endelevu ya mtandaoni. Wagonjwa wetu wa saratani wanaohitaji mionzi huenda hospitali ya Bugando, Mwanza, au husafiri hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa hiyo daktari wa hapa hujisomea tiba ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka haioni ikitolewa. Wengi huuchukulia umbali huo kuwa upungufu mtupu. Mimi ninaamini kwamba mtahiniwa wa Tabora analifahamu jambo moja kuliko mwenzake anayekaa kando ya mashine, nalo ni kukatika kwa tiba, na kwamba akilianzia hilo, fizikia, radiobiolojia (elimu ya jinsi mionzi inavyoathiri chembe hai) na tiba yenyewe vitashikana kichwani mwake badala ya kubaki masomo matatu yasiyojuana.

Kabla ya kulipia kozi yoyote, soma mtaala wa mtihani wako mwenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeona watu wakipoteza miezi. Nchini Marekani, bodi ya radiolojia, ABR, huwatahini madaktari wa tiba mionzi kwa karatasi za fizikia, biolojia ya mionzi na saratani, na tiba, kisha kwa mtihani wa mdomo. Mwaka 2021 mitihani hiyo ilianza kufanywa kwa kompyuta, mtahiniwa akiwa mahali pake. Daktari wa namna hiyo huko hatoi dawa za kemotherapia, kwani hiyo ni kazi ya bingwa mwingine. Nchini Uingereza mambo ni tofauti: bingwa wa onkolojia ya kliniki, yaani tiba ya saratani, hutoa mionzi na dawa pia, ndiyo maana sehemu ya kwanza ya mtihani wa chuo chao cha radiolojia ina famakolojia (elimu ya dawa) na takwimu pamoja na fizikia na radiobiolojia. Sisi Tanzania tumefuata njia hiyo ya pili. Kwa hiyo anayetegemea maswali ya Kimarekani peke yake anaweza kuingia katika chumba cha mtihani akiijua vizuri mipaka ya uvimbe wa mlango wa kizazi, lakini akakwama anapoulizwa kwa nini mgonjwa mwenye figo dhaifu asipewe sisplatini, dawa ya kemotherapia, ya kila wiki pamoja na mionzi.

Vitabu vya msingi havihitaji fedha. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lenye makao Vienna, limeweka bure mtandaoni kitabu cha fizikia ya tiba mionzi kilichotoka 2005 na kingine cha radiobiolojia cha 2010. Vipakue mara moja, usiku bando linapokuwa nafuu, uvihifadhi katika simu. Umeme ukikatika utaendelea kusoma.

Sasa niseme lililonipata. Mara ya kwanza nilipofanya mtihani wa fizikia nilianguka. Nilikuwa nimetazama mihadhara iliyorekodiwa kwa saa nyingi mno, na kila mhadhiri alipofafanua jambo nilitikisa kichwa kwa kukubali, nikaamini kwamba nimelielewa. Katika chumba cha mtihani niliulizwa swali la chanzo cha kobalti, madini yanayotoa mionzi ndani ya mashine, nikakumbuka sura ya mhadhiri na rangi ya mchoro wake, lakini hesabu sikuiweza. Tangu siku hiyo nimejiwekea sharti, nami nawasihi nanyi mlifuate: kila dakika kumi za kutazama zifuatwe na dakika ishirini za kalamu na daftari, video ikiwa imefungwa. Kobalti-60 ina nusu uhai (muda wa nguvu yake kupungua hadi nusu) ya miaka 5.27, yaani hupungua nguvu kwa takribani asilimia moja kila mwezi. Sentensi hiyo ni rahisi kuikariri. Kuandika mwenyewe kwamba mgonjwa aliyekuwa akilala chini ya mashine kwa dakika mbili atalazimika kulala dakika nne chanzo kilekile kikifikisha miaka hiyo, kisha ukawaza foleni ya nje itakuwa ndefu kiasi gani, huko ndiko kujifunza.

Nirudi kwenye kukatika kwa tiba, maana hapa ndipo ninapotaka tukae.

Tuchukue mfano wa mama kutoka Sikonge mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Amepangiwa mionzi ya nje mara 25, grei 2 kila mara (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), siku tano kwa wiki, kwa wiki tano, kisha mionzi ya ndani, ambayo chanzo chake huwekwa ndani ya mwili karibu na uvimbe. Baada ya mara kumi anapata habari kwamba mtoto wake ni mgonjwa, naye anarudi nyumbani wiki nzima. Hakuna daktari katika ukumbi huu ambaye hajamwona mama huyu. Anaporudi kwenye tiba, zimebaki siku kumi tu za kazi katika ratiba ya awali, na vipindi vilivyobaki ni kumi na tano. Mtahini atauliza: utafanya nini?

Jibu la haraka ni kusogeza ratiba mbele kwa wiki moja. Jibu hilo lina gharama, kwa sababu seli za saratani zilizosalia huzaliana wakati tiba imesimama, na katika saratani hii muda wote wa tiba, pamoja na mionzi ya ndani, unatakiwa usizidi siku 56. Kila siku inayozidi hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa kiasi kinachokadiriwa kufikia asilimia moja. Hapo sasa radiobiolojia inaacha kuwa somo la kukariri. Tunatumia dozi tendaji ya kibiolojia: idadi ya vipindi, mara dozi ya kipindi, mara jumla ya 1 na dozi ya kipindi iliyogawanywa kwa uwiano wa alfa na beta, namba inayoonyesha jinsi tishu inavyoathiriwa na ukubwa wa dozi ya kila kipindi. Kwa uvimbe tunachukua uwiano wa 10. Kwa madhara ya baadaye ya kibofu na utumbo tunachukua 3.

Vipindi kumi na tano vya grei 2 vingeupa uvimbe dozi tendaji ya 36, na tishu za baadaye, yaani zile zenye madhara ya baadaye, 50. Tukitaka kuupa uvimbe 36 ileile kwa vipindi kumi, hesabu inatupa grei 2.81 kwa kila kipindi. Lakini tazameni upande wa pili: tishu za baadaye sasa zinapata 54.4 badala ya 50. Tukitaka kuzilinda zibaki kwenye 50, dozi ya kipindi inashuka hadi grei 2.65, na uvimbe unapata 33.5 tu. Hakuna namna ya kuongeza dozi ya kipindi itakayoziridhisha pande zote mbili. Njia inayokaribia haki ni kubaki na grei 2 na kumtibu mara mbili kwa siku katika siku tano kati ya hizo kumi, kukiwa na angalau saa sita kati ya kipindi na kipindi ili seli za kawaida zijirekebishe, ingawa kwa baadhi ya tishu hata saa sita hazitoshi kumaliza kazi hiyo. Chuo cha radiolojia cha Uingereza huziweka saratani za namna hii katika kundi la kwanza, ambalo tiba yake haitakiwi kuchelewa zaidi ya siku mbili.

Fanyeni hesabu hii kwa mikono yenu, wala msiniamini mimi. Mtu aliyeifanya mara tatu, akiwa na sura ya mgonjwa wake akilini, hahitaji tena kukariri tofauti kati ya tishu zinazojibu mapema na zinazojibu baadaye.

Yapo ambayo mtandao hauyafikishi. Kuchora mipaka ya uvimbe kwenye picha za CT kunaweza kufanywa kwa mbali. Jumuiya ya tiba mionzi ya Ulaya, ESTRO, imeanzisha programu ya FALCON kwa ajili ya zoezi hilo hasa, na mchoro wako hulinganishwa na wa mtaalamu. Kuingiza kifaa cha mionzi ya ndani katika mlango wa kizazi ni kazi ya mkono, na mkono hufundishwa na mkono wa mwalimu aliyesimama pembeni. Ukipewa likizo ya masomo ya wiki mbili, usiimalize katika maktaba. Nenda kwenye chumba cha mionzi ya ndani.

Kuna jambo lingine ambalo ni lazima nilitaje kwa uzito. Katika makundi ya WhatsApp huzunguka maswali yaliyokaririwa na watahiniwa waliotoka kwenye mtihani. Bodi ya Marekani huhesabu jambo hilo kuwa udanganyifu, nami naungana nayo. Daktari aliyefaulu kwa maswali hayo atakutana na mama wa Sikonge bila swali lake kuwamo kwenye orodha, na atakayeumia ni mama.

Mtihani wa mdomo huwaangusha wengi kwa sababu hawajawahi kujisikia wakijibu. Dawa yake haihitaji intaneti yenye kasi. Wawili wapigiane simu mara moja kwa wiki. Mmoja asome habari za mgonjwa, mwingine ajibu kwa dakika tano bila kukatizwa: hatua ya ugonjwa, vipimo, dozi, mipaka, madhara, na atakachofanya tiba ikikatika. Kisha wabadilishane.

Sisi hapa tutaanza Alhamisi ijayo saa mbili usiku, kwa simu. Daftari la majina liko mlangoni. Mgonjwa wa kwanza ni huyu: mzee wa Urambo mwenye saratani ya koo, aliyepangiwa mara 35 za grei 2, amekosa vipindi vitatu baada ya kufikia kipindi cha 31, na mashine haifanyi kazi Jumamosi wala Jumapili. Njooni na hesabu zikiwa zimeandikwa.