Kuandaa Mboji na Kupanda Mboga za Masika Katika Uwanda wa Kano

Karibuni, watazamaji wapendwa. Tuko katika uwanda wa Kano, nje kidogo ya mji wa Kisumu, ambako udongo mweusi hunata mvua inyeshapo na kupasuka nyufa jua likiwaka. Kinachoufaa udongo huu ni mboji, kwa kuwa huulegeza ili maji na mizizi vipenye. Ianzeni mwezi wa Desemba, mvua za vuli zinapopungua, iwe imeiva kabla ya masika kuanza mwezi wa Machi.

Chagueni mahali penye kivuli, palipoinuka pasipofikiwa na maji ya mafuriko, mkapime mita moja na nusu kila upande na kulegeza ardhi kwa jembe. Tandazeni kwanza mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, kwani ndiyo yatakayopitisha hewa chini ya rundo. Juu yake wekeni majani makavu au mabua ya mpunga, ambayo hupatikana kwa urahisi karibu na mashamba ya Ahero.

Tabaka linalofuata ni la tithonia, ile alizeti mwitu yenye maua ya manjano inayoota kando ya barabara na kwenye nyua za maboma mengi hapa magharibi. Wengi huifyeka na kuichoma, jambo ambalo kwangu ni hasara tupu, maana majani yake yana naitrojeni na potasiamu kwa wingi na huoza upesi. Kateni majani na matawi laini pekee, mkiyaacha mashina yaliyokomaa, kwa sababu hayo huchelewa kuoza. Ongezeni samadi, nyunyizeni majivu kidogo na udongo wa juu, kisha mwagieni maji. Rudieni matabaka hayo mpaka rundo lifike kifuani, mlifunike kwa majani ya mgomba.

Chomekeni fimbo ndefu kimshazari hadi katikati ya rundo. Baada ya siku chache ichomoeni na kuishika: ikiwa ya moto na yenye unyevu, kazi inaendelea vizuri, ikiwa kavu, ongezeni maji, ikiwa baridi, ongezeni samadi na majani mabichi, na ikiwa inanuka vibaya, maji yamezidi, hivyo changanyeni mabua makavu. Pindueni rundo kila baada ya wiki tatu hivi. Kwa kawaida mboji huwa tayari baada ya miezi mitatu, ikiwa nyeusi, yenye kumeguka na yenye harufu ya udongo wa msituni.

Sasa inueni matuta yenye upana wa mita moja, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga, na mchanganye mboji katika udongo wa juu. Msianze na nyanya, kwa sababu wakati wa mvua bakajani, ugonjwa unaokausha na kuozesha majani, huishambulia sana. Anzeni na mrenda, saga (yaani mgagani), mchicha na kunde. Mbegu za mrenda, saga na mchicha ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganyeni na mchanga mkavu kabla ya kuzimwaga katika mistari iliyoachana sentimita 30, mkizifukia kidogo tu. Mnavu huoteshwa kitaluni, kisha miche ikahamishwa. Pandeni pia mitoo, ambayo huliwa kama mboga na wakati huohuo hurutubisha udongo.

Mchicha na mrenda huanza kuchumwa baada ya takriban mwezi mmoja. Saga ichumeni mara kwa mara ili isiwahi kuchanua, na uchungu wake upunguzeni kwa kuipika na maziwa. Majani ya kunde yanayozidi mahitaji yachemsheni kidogo, myaanike kivulini na kuyahifadhi kwa ajili ya Januari na Februari, wakati mboga mbichi huadimika sokoni.

Acheni mimea michache yenye afya itoe mbegu. Mbegu mpya za saga huota kwa shida, basi zikausheni na kuziweka miezi kadhaa kabla ya kuzipanda.