Kutoka Mbeya Hadi Ellis Park: Jinsi ya Kupanga Safari ya Kuwaangalia Springboks

Karibuni tena. Leo niko Mwanjelwa na begi langu, tunapanga safari ya Johannesburg kwenda kuangalia raga uwanjani, siyo kibandani. Springboks, timu ya taifa ya raga ya Afrika Kusini, wamebeba Kombe la Dunia mara 4: 1995, 2007, 2019 na 2023. Lile la kwanza walilichukulia Ellis Park, uwanja wa huko huko Johannesburg, 15 kwa 12 dhidi ya New Zealand.

Hatua ya kwanza ni tiketi ya mechi. Wengi wanaanza na basi, halafu wanafika huko wanaangalia ukuta. Ellis Park inaingiza watu wapatao 62,000, lakini New Zealand wakija zinaisha mapema. Fuata kiungo kwenye tovuti ya SA Rugby, chama cha raga cha Afrika Kusini, ulipe kwa kadi. Kabla hujaanza, hakikisha benki imekufungulia malipo ya mtandaoni. Mimi kadi ilikataa mara tatu usiku, viti vinaisha nikiviona. Asubuhi yake benki walinimalizia kwa dakika tano. Na yule wa kwenye grupu la WhatsApp mwenye "mbili zimebaki", achana naye.

Hatua ya pili, pasipoti. Ni shilingi 150,000. Fomu unajaza mtandaoni, halafu unakwenda Uhamiaji kwa alama za vidole. Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini, Mtanzania anayekwenda kutembea siku chache haombi viza. Sasa sogea hapa kwenye kamera, uone hizi kurasa. Kwa barabara unagongewa kutoka Tanzania, kuingia na kutoka Zambia, kuingia na kutoka Zimbabwe, kuingia Afrika Kusini. Hiyo ni mihuri 6, na kurudi 6 mingine. Kama zimebaki kurasa mbili, fanya mpango mapema. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano iweke humu humu. Uchanjwe siku 10 au zaidi kabla ya safari, usije kubishana na afisa mpakani.

Njia. Mwenye hela anapanda ndege Songwe hadi Dar, anaunganisha Johannesburg. Sisi wengine ni basi: Tunduma, Lusaka, Chirundu, Harare, Beitbridge. Tenga siku tatu, ongeza moja ya akiba, maana Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka wa Tunduma, hadi Lusaka peke yake ni kama kilomita elfu moja, na foleni ya malori mpakani mnaijua.

Hapo Tunduma kuna mtego. Upande wetu ni saa 4 asubuhi, ukivuka Nakonde ni saa 3. Mtaa mmoja, tofauti ya saa nzima! Kondakta akisema "tunaondoka saa 5", muulize: ya Tunduma au ya Nakonde? Saa ya Zambia ndiyo ya Johannesburg pia, kwa hiyo mechi ya saa 11 jioni kule, nyumbani ni saa 12. Na shilingi usibadilishe zote pale kwa vijana wa barabarani. Chukua kwacha za chakula tu.

Nguo: mechi nyingi kubwa ni Julai na Agosti, kipupwe. Johannesburg iko juu karibu sawa na Mbeya, kwa hiyo mtu wa Uyole hana la kujifunza. Koti lile lile la Juni. Mwenzako wa Dar ndiye wa kuonewa huruma. Mechi ikiwa FNB, uwanja mwingine wa Johannesburg, uko jirani na Soweto. Siyo Soweto yetu hii ya Mbeya, bodaboda haikufikishi.

Siku yenyewe ingia uwanjani saa nzima kabla, uwahi nyimbo za taifa. Wa Afrika Kusini una lugha tano, lakini ukianza utashtuka: sauti ni ile ile ya Mungu Ibariki Afrika. Simama, imba kwa Kiswahili chako, hakuna atakayekugeukia. Ikifika katikati sauti ikabadilika kuwa Kiafrikana, hapo nyamaza, mwangalie jirani yako anavyofanya.