Kiti cha Osaka Kina Mtu Aliyekuja Huku

Mwenyekiti, walimu wangu mlioko mbele, shikamooni. Wanafunzi, habari za mchana. Nimepewa nusu saa nizungumze na nyie mnaofikiria kuomba nafasi ya muhula mmoja au miwili Japani, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Nilisoma Osaka kwa mpango huo nikiwa mwaka wa tatu, na siku hizi nimo katika kamati inayosoma maombi yenu. Fomu hizi nimezijaza, na sasa nazisahihisha.

Kabla ya viza na makoti, kuna jambo moja nataka tulielewe vizuri. Hamwendi kule kwa hisani. Kiti utakachokalia Osaka kimelipiwa na Mjapani aliyekaa, au atakayekaa, kwenye ukumbi kama huu. Nikisoma barua za maombi naona wengi wanaomba kama mtu aliyekwama: naombeni mnisaidie, ni ndoto yangu tangu utotoni, Mungu awabariki. Dua nazipokea. Lakini kamati haigawi msaada. Kamati inatafuta mtu wa kutimiza upande wetu wa makubaliano.

Najua mazoea hayo yametoka wapi. Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda Marekani, kazi ya Tom Mboya na wenzake. Mwaka 1960 Moscow ikafungua chuo kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Safari zile zilikuwa za upande mmoja. Nchi zetu hazikuwa na wataalamu, na wenyeji walikuwa na sababu zao za kutuita, nyingine za wema, nyingine za vita baridi. Hakuna kijana wa New York aliyekuja Nairobi kujaza pengo. Babu aliyesoma nje enzi hizo anaijua safari ya namna hiyo tu, ndiyo maana akikuaga anasema usirudi bila digrii. Mwambie, nitarudi bila digrii, babu, na ndivyo inavyotakiwa.

Huu mpango wetu ni wa ukoo mwingine. Ulaya walianza Erasmus mwaka 1987, nchi 11, wanafunzi 3,244 kwa mwaka ule wa kwanza. Utaratibu wake ndio uliosambaa: ada unalipa chuoni kwenu, chuo kinachokupokea hakikutozi, kwa kuwa mwanafunzi wao naye anasoma kwenu bila kutozwa. Ni mchezo ule ule wa akina mama wa mtaani: fungu unalopokea leo wengine wamelichangia, na zamu yako ya kuchangia inakuja.

Sasa tuingie kwenye mahesabu, maana hapa ndipo wengi wanaumia. Kule mwaka wa masomo unaanza Aprili na kuisha Machi, na muhula wa pili unaanza mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Sisi tunaanza karibu na Novemba. Ukienda Aprili unakata muhula wetu katikati. Ukienda Oktoba unaungana nao vizuri zaidi, ila muhula wao unakwisha Februari, wakati wenzako hapa wameshaingia kwenye mitihani au wameshaimaliza. Ushauri wangu kwa anayetaka muhula mmoja tu: nenda Oktoba. Kwa anayetaka mwaka mzima, kaeni na mkuu wa idara mapema mjue ni muhula gani utasogezwa.

Halafu kuna krediti. Kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha darasani na nje ya darasa, na mwaka ni krediti 120. Japani krediti moja ni saa 45, na shahada ya kwanza ya kawaida inahitaji krediti 124 kwa miaka minne. Kwa hiyo kozi yao ya krediti mbili ina saa 90, yaani kama krediti tisa zetu. Umeona? Mwanafunzi anarudi na karatasi imeandikwa 14, ofisa aliyezoea namba zetu anaiangalia anasema, huyu alikwenda kutalii. Kumbe kijana amefanya kazi ya krediti 63. Hesabu hiyo usingoje kuifanya ukiwa umerudi na mabegi. Ifanye hapa, iandikwe kozi kwa kozi, mkuu wa idara aweke sahihi, na nakala ubaki nayo wewe. Ukifika ukakuta kozi mbili zimefutwa, jambo ambalo hutokea, unaandika barua pepe siku hiyo hiyo na kupata kibali cha kozi mbadala. Mazungumzo ya simu hayatambuliki na ofisi ya mitihani.

Nyaraka nitazipita haraka, zote zimebandikwa ubaoni. Chuo kinachokupokea kinakuombea kwenye Uhamiaji wa Japani cheti cha kuthibitisha kuwa unastahili kukaa kama mwanafunzi. Kinaweza kuchukua miezi miwili au mitatu. Ukikipata unakwenda nacho ubalozini kwao hapa Dar es Salaam kwa ajili ya viza. Ukitua Narita au Kansai unapewa kadi ya ukaazi palepale, na sheria inakutaka utembee nayo muda wote; askari akikusimamisha ukiwa na baiskeli, na atakusimamisha, anaanza kuuliza kadi. Ndani ya siku 14 baada ya kupata makazi unajiandikisha kwenye ofisi ya mji. Hapo hapo unaingia bima ya afya ya taifa, ambayo inakuachia asilimia 30 tu ya gharama ya matibabu. Ukiwa na miaka 20 au zaidi watakuandikia pia mfuko wa pensheni. Usishtuke ukiona bili, kuna fomu ya mwanafunzi kuomba asilipe. Ijaze.

Kazi ya muda inaruhusiwa kwa kibali, saa 28 kwa wiki. Naona nyuso zimechangamka. Sikilizeni. Saa 28 ni ruhusa. Anayeosha vyombo usiku kwa saa 28 kisha akaingia darasani asubuhi kwenye kipindi cha dakika 90 anakuwa amevuka bahari kwenda kusinzia. Nimeona vijana wenye akili sana wakirudi na simu mpya na alama mbovu. Fanyeni saa nane, kumi, za kujifunza lugha na kupata hela ya mboga.

Kuhusu maisha. Mtu wa Dar anajiandaa kwa baridi, na ni kweli, Januari Osaka wastani ni nyuzi 6 hivi, na nyumba nyingi hazipashwi joto zima, unapasha chumba ulichomo tu. Lakini kinachowaangusha watu wetu ni Agosti. Joto lake lina unyevu wa kumwaibisha mtu wa Tanga, na hakuna upepo wa bahari wa kumwokoa. Chukua hilo kama onyo kutoka kwa mtu wa Tanga.

Chakula: wali upo mwingi, unashikana, hauna nazi wala chumvi, na baada ya miezi miwili utaukubali. Kwa Waislamu ni lazima kuuliza, kwa sababu supu ya tambi mara nyingi inatokana na mifupa ya nguruwe, na vileo vya kupikia vimo kwenye michuzi isiyoonekana kabisa kuwa na kileo. Jifunzeni sentensi hizo mbili tatu za Kijapani kabla ya salamu zenyewe. Kutoka Osaka, Kobe ni mwendo wa treni wa nusu saa tu, na kuna msikiti uliojengwa mwaka 1935. Pembeni yake utapata maduka ya nyama halali na, ukibahatika, mtu wa kukuelekeza unga wa ugali unauzwa wapi.

Tetemeko. Januari 17, 1995 tetemeko la Kobe na maeneo ya jirani liliua watu zaidi ya 6,400. Juni 2018 Osaka yenyewe ilitikiswa asubuhi watu wakienda kazini. Chuo kitafanya zoezi la tahadhari wiki za mwanzo. Kuna watu wanalikwepa wakalale. Usilikwepe. Polisi ni 110, zimamoto na gari la wagonjwa ni 119.

Sasa darasani, na hapa nitakaa kidogo. Vyuo vingi vimetengeneza kozi za Kiingereza kwa ajili ya wageni. Ni jambo jema, na pia ni mtego. Utakaa na Mjerumani, Mthai na Mmarekani, mtakuwa marafiki wazuri, mtapiga picha chini ya maua ya cheri, na mwaka utaisha hujazungumza na Mjapani yeyote zaidi ya muuza duka. Kwa nini tukupeleke mbali hivyo ukutane na Mjerumani?

Mlango wa kuingilia kwa wenyeji ni kitu wanachokiita zemi: profesa mmoja, wanafunzi wachache, wanakutana kila wiki, kila mmoja ana mada yake na kila mmoja anakosoa ya mwenzake. Baada ya hapo wanakula pamoja. Huko ndiko Mjapani aliyekaa kimya darasani muhula mzima anaanza kusema. Andika kwa profesa mapema, mwombe akuruhusu uhudhurie hata kama Kijapani chako ni cha kusuasua, na mpe kitu: niko tayari kuwasilisha juu ya bandari ya Dar es Salaam, juu ya zao la mkonge, juu ya chochote unachokijua kweli. Wengi wanakubali. Anayekwenda na kitu mkononi hakai benchi la wageni.

Na hii inanirudisha kwa yule aliyelipia kiti chako. Chuo Kikuu cha Osaka kina idara inayofundisha Kiswahili kama somo kuu, urithi wa chuo cha lugha za kigeni kilichounganishwa nacho mwaka 2007. Watafiti wa Kyoto nao wapo Mahale, kule Kigoma, wakifuatilia sokwe tangu mwaka 1965, na Kiswahili chao wamekipata kwa wavuvi na waongoza njia wa Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo Mjapani anayekuja hapa mara nyingi amejiandaa kwa miaka miwili kukusikiliza wewe. Tena anakuja kwa gharama. Kwao kutafuta ajira kunaanza mwaka wa tatu, makampuni yanaajiri kwa mkupuo mmoja kila Aprili, na anayeondoka mwaka mzima mara nyingi huchelewa kuhitimu nyuma ya wenzake.

Anafika hapa, anapata nini? Tunamwita mzungu, tunampigia picha, tunamwuliza kama anajua karate, kisha Ijumaa jioni anakaa peke yake hosteli. Na hao hao waliomwacha hosteli Ijumaa wananijia Jumatatu kuuliza, mwalimu, nitajifunzia wapi Kijapani? Jamani! Mwalimu wa Kijapani ni huyo mgeni, anakula chipsi mayai peke yake pale kantini. Mfanyeni mshirika wa lugha, saa moja Kijapani, saa moja Kiswahili. Mpelekeni nyumbani Jumapili akamwone mama. Akirudi Osaka ndiye atakayekupokea kituoni, akueleze takataka za plastiki zinatolewa siku gani na bili ya pensheni inajazwaje. Kwenye usaili mimi nauliza swali moja ambalo halimo kwenye fomu: mwaka huu umemsaidia nani kati ya wageni walioko chuoni? Sasa mnalijua, na wengine watajitahidi kuwa na jibu. Sawa tu, mgeni atakuwa amepata mwenyeji.

Niwageukie wakubwa wangu wa mstari wa mbele, kwa heshima zote. Mizani hii inakwenda upande mmoja. Wao wanaleta watu, sisi tunashindwa kupeleka, na siyo kwa sababu vijana hawa hawawezi. Ada imesamehewa, lakini nauli haijasamehewa, wala chakula. JASSO, shirika la Japani la huduma kwa wanafunzi, hutoa yeni 80,000 kwa mwezi kwa baadhi ya wanafunzi wa kubadilishana, na zikisimamiwa vizuri mtu anaishi hosteli ya chuo na anakula. Tatizo ni kwamba tiketi ya ndege na matumizi ya mwezi wa kwanza vinatangulia kabla hela hizo hazijaingia. Kwa hiyo wanaokwenda ni wale ambao baba zao wangeweza kuwapeleka hata bila sisi, na nafasi nyingine zinalala. Kila nafasi inayolala huku ni deni la kiti kimoja kule ambalo hatujalidai.

Siombi mfuko mkubwa. Naomba mkopo wa nauli, unaorudishwa kidogo kidogo mwanafunzi akishaanza kulipwa posho yake, na naomba mtu mmoja ofisi ya mitihani anayejua kugeuza krediti za saa 45 kuwa za saa 10 bila kugombana na mwanafunzi. Hayo mawili tu, mwaka huu wa fedha. Maombi ya awamu ya Oktoba yako mezani kwangu, na kati ya waliofaulu usaili wapo wawili waliojitoa kwa sababu ya nauli. Mwenyekiti, asante. Dada wa mstari wa tatu ameinua mkono muda mrefu, tuanze naye.