Kutoka Wodini Hadi Meza ya Bajeti

Ndugu zangu wauguzi, matabibu, madaktari na wafamasia,

Kwa nini mtu wa afya atamani udiwani au ubunge? Hilo mnalijua: mtoto mmeshamtibu kuhara mara tatu, na kisima ni kilekile. Mwaka 1848 serikali ya Prussia, dola la Ujerumani ya zamani, ilimtuma daktari kijana, Rudolf Virchow, kuchunguza mlipuko wa taifasi, homa inayoenezwa na chawa, katika jimbo lake la Silesia ya Juu. Akarudi na ripoti iliyodai elimu, barabara na watu kujitawala. Wengi wetu tunaisifu ripoti hiyo na kuishia hapo. Tazameni kilichofuata. Mwaka 1859 aliingia baraza la jiji la Berlin. Ujenzi wa mfumo mkuu wa maji taka wa jiji, alioupigania, ulianza 1873. Hiyo ni miaka 14 ya vikao! Kama huwezi kukaa kikaoni, baki wodini, unahitajika huko.

Sasa lile ninalolirudia kila nikipewa kipaza sauti. Mtu wa afya akishachaguliwa, cha kwanza anachodai huwa ni jengo. Jengo hulipiwa mara moja, kwenye fungu la maendeleo. Watumishi, dawa, oksijeni na umeme hulipiwa kwenye matumizi ya kawaida, mwaka hadi mwaka. Tupige hesabu hapa hapa. Wiki ina saa 168. Muuguzi akifanya kazi saa 40, nafasi moja ya usiku na mchana inataka wauguzi 4.2. Weka likizo, uzazi, ugonjwa na mafunzo: watano, na mara nyingi hawatoshi. Chumba cha upasuaji cha saa 24 kinataka mpasuaji, mtoa usingizi, muuguzi wa vyombo na muuguzi wa kuzunguka. Nafasi nne, watu 20, na hapo sijagusa mtambo wa kutakasia vyombo, damu salama wala mafuta ya jenereta. Kama ikama ya watu hao, yaani nafasi zao za ajira, haimo kwenye makadirio ya bajeti, usiinue mkono kupitisha jengo hilo, hata kama wapiga kura wako wanalisubiri.

Pata nyaraka tatu, za miaka mitatu mfululizo, uzitandaze pamoja: makadirio yaliyoidhinishwa, taarifa ya fedha zilizotolewa, na ripoti ya mkaguzi. Dawa zikiidhinishiwa shilingi 100 na zikatoka 60, kudai bajeti iongezwe hakuleti kidonge hata kimoja. Dai zile 40. Kisha uliza zile 60 zilitoka robo gani ya mwaka. Zikitoka robo ya mwisho, zabuni haikamiliki kabla hesabu hazijafungwa. Fedha zinarudi hazina, au kinanunuliwa chochote kinachopatikana haraka, ndiyo maana unakuta ghala limejaa dawa zinazokaribia kuisha muda huku za presha na kisukari hazipo. Wewe uliyewahi kuagiza dawa za kituo unaliona hili kwa dakika tano. Mwenzako barazani halioni. Huo ndio mchango wako, si koti jeupe kwenye bango la kampeni.

Kuna anayeninong'oneza kwamba madaktari wenyewe hawatoshi, na mimi nawatoa wodini. Ni hoja nzito. Mtoa usingizi wa pekee wa hospitali asiondoke kabla hajapatikana wa kushika nafasi yake. Lakini Tabaré Vázquez alikuwa mtaalamu wa saratani, na akiwa rais wa Uruguay, mwaka 2006, uvutaji sigara ulipigwa marufuku katika maeneo ya umma yaliyofungwa. Gro Harlem Brundtland, daktari aliyekuwa waziri mkuu wa Norwei, aliongoza Shirika la Afya Duniani wakati mkataba wa kudhibiti tumbaku ulipopitishwa, 2003. Kliniki ipi ingewafikia watu wote hao?

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, basi haya nayataja tu. Soma masharti ya ajira yako kabla ya kuchukua fomu; mara nyingi mtumishi wa umma hutakiwa kujiuzulu au kuchukua likizo kwanza. Kabidhi wagonjwa wako kwa maandishi. Leseni usiiache ife, maana kuirudisha kunaweza kudai mafunzo na usimamizi upya. Una hisa katika duka la dawa? Zitangaze, na utoke nje zabuni ya dawa inapojadiliwa. Na kisa cha mgonjwa usikipeleke jukwaani hata ukificha jina: kijijini, umri na ugonjwa vinatosha kumtambulisha.