Upinde wa mkole: kusawazisha mikono yake mpaka ipinde sawa

Karibuni watazamaji. Leo ni upinde, na mti wetu ni huu hapa, mkole. Mgumu, nyuzi zake ndefu, ukiupinda haukatiki ovyo, ndiyo maana watu wanachongea fimbo na mipini. Nilipoukata nilipaka rangi ya mafuta kwenye ncha zote mbili zisipasuke, nikauacha kivulini mpaka ukakauka kabisa. Kukata na kumenya ganda sitawaonyesha, panga mnalijua.

Upande utakaotazama shabaha tunauita mgongo. Huu unaonitazama mimi ni tumbo. Nikivuta, mgongo unatanuka na tumbo linabanwa. Uzi wa mti ukikatika mgongoni, ufa unaanzia hapo hapo. Kwa hiyo mgongo haupigwi randa wala tupa. Una vilima na mabonde? Viache. Kazi yote ya kupunguza ni ya tumboni.

Vipimo: urefu sentimita 170, kwa mtu anayevuta upote, yaani kamba ya upinde, sentimita 70. Katikati, sentimita 10 za kushikia, hizo ziwe nene, zisipinde. Kutoka hapo kila mkono, yaani kila nusu ya upinde, una upana wa sentimita 4 na nusu mpaka nusu ya safari, halafu unachongoka hadi sentimita 1 na nusu nchani. Chora kwa penseli, chonga kwa tezo, malizia kwa randa. Nimeshachonga, ni huu.

Sasa sikilizeni, maana upinde unapona au kufa kwenye hatua hii. Ukipunguza upana kwa nusu, nguvu inapungua kwa nusu. Ukipunguza unene kwa nusu, inabaki sehemu moja tu ya nane. Mkono wa milimita 15 ukiutoa milimita moja na nusu, zaidi ya robo ya nguvu imekwenda na hairudi. Ndiyo maana kuanzia sasa panga na tezo viko nje. Nabaki na tupa na kisu cha kukwangulia.

Ukutani nimepigilia ubao wenye kigingi cha kuulaza upinde. Upote huu ni mrefu na umelegea, unapita kwenye kapi pale chini, kamba naivuta nikiwa huku mbali. Ukivunjika, vipande haviruki usoni. Hapa katikati nimefunga mizani ya ndoano. Nataka upinde wa kilo 18, yaani uzito wa kuuvuta mpaka mwisho, basi mizani ikifika 18 nasimama, hata kama nimevuta sentimita 40 tu. Usiuvute kwa uzito mkubwa kuliko ule unaoutaka. Mti unakumbuka, utabaki umepinda hata ukiuvua upote.

Navuta taratibu... Ngoja. Dogo, zima hiyo taa ya kulia. Kivuli chake kinaufanya mkono mmoja uonekane mnene kuliko mwenzake. Haya, sasa tunaona vizuri. Hii mistari ya chaki ukutani ni ya kulinganisha ncha: zote mbili zishuke pamoja.

Hapo! Rudisha kamera mkono wa kushoto. Mmeona? Karibu na kifundo pamekunjika kama kiwiko, na kutoka hapo kwenda nchani pamenyooka tu. Legeza kamba kwanza. Usiendelee kuvuta ili uone vizuri zaidi, ukishaona imetosha.

Jicho linakwenda penye kasoro, na mkono unataka kulifuata. Uzuie. Usikwangue panapopinda. Kwangua pasipopinda. Hapa penye kiwiko napiga alama ya X kwa penseli, na X maana yake hapaguswi. Nakwangua upande huu wa X na upande ule, maranda membamba ya kupeperuka. Sogea karibu, dogo, waone: kisu kimesimama wima, nakivuta kuja kwangu, kinatoa unga na vinyuzi. Kikianza kuruka ruka na kuacha mawimbi, geuza, fuata nyuzi kwa upande mwingine.

Na mimi napenda kijiti hiki kuliko kipimo chochote. Ni ubao ulionyooka, sentimita 15. Upinde ukiwa umevutwa kidogo na kamba imefungwa, nakitelezesha tumboni. Mwanga unaopenya kati ya kijiti na mti ndio unaoniambia: uwazi mkubwa, hapo panapinda sana, hakuna uwazi, hapo pamelala. Nakwangua palipolala. Narudia tena kwa anayekaribia kuushika msasa: usikwangue panapopinda!

Kila baada ya kukwangua, vuta mara 30, vuto fupi, ndipo upime. Mti unachelewa kuonyesha ulichoutoa. Ukikwangua juu ya kukwangua bila kuvuta, utajikuta umepita.

Mikono ikipinda sawa, tia upote mfupi, uwe mbali na mshikio kwa sentimita 15. Nailoni siipendi kwa upote, inanyumbuka. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanatumia kano za wanyama, na upinde wao unarusha kwa nguvu kweli. Hakikisha upote unapita katikati ya mshikio, usilalie pembeni. Mkono wa chini uache mgumu kidogo kuliko wa juu, kwa sababu mkono wako unashika chini ya njia ya mshale.

Vuta kidogo kidogo: sentimita 50, 55, 60, ukikagua kwa kijiti kila hatua. Mimi nasimama kilo 18 zikitimia kwenye 67, maana msasa nao unakula nguvu, utanifikisha 70. Kisha nta ya nyuki, isugue kwa kitambaa mpaka ishike.

Usiachie upote bila mshale, hata kwa majaribio. Nguvu yote inarudi kwenye mti na kuupasua. Mishale ya kwanza irushe kwa nusu ya vuto, gunia la nguo chakavu liwe mbele na pasiwe na mtu nyuma yake, halafu kagua tena kwa kijiti, hasa penye X. Vipande vya mkole vilivyokauka ninavyo, na upote uliosokotwa tayari pia. Ukiniandikia, nitajie urefu wa vuto lako kwanza.