Kabla ya jiki, kausha kwanza: maongezi kuhusu bafu na choo cha nyumbani

Shikamooni mama zangu, na wadogo zangu habari za mchana. Na wale kaka wawili pale nyuma nawaona, sogeeni, msikae mlangoni, mambo ya choo si ya mwanamke peke yake, kila mtu anaingia.

Nimeombwa niongee kuhusu usafi wa bafu na choo cha nyumbani, na jinsi ya kupanga vitu vyake. Kazi hii nimeifanya miaka 14, nilianzia gesti nikaja majumbani kwa watu mpaka leo, na naishi hapa hapa Mbagala, kwa hiyo maji nnayoyasema ni haya haya yenu ya kisima, ya chumvi, yale ukinawa sabuni haitoi povu. Watu wengi wakiniita wananiuliza kitu kimoja: dada, tutumie dawa gani? Na mimi naanza kuwajibu vingine kabisa, nawaambia tatizo lenu si dawa, tatizo lenu hapa hapakauki. Hilo ndo nimekuja kusema leo, mengine yote yanatoka humo.

Nendeni leo nyumbani, inua ile ndoo inayokaa kwenye kona ya bafu. Usiangalie ndani, igeuze uone kitako chake. Utakuta duara, pembeni kijani au nyeusi, ukipitisha kidole kinateleza kama bamia, afu sakafuni pale ilipokaa kuna duara lingine hivo hivo. Hapo unamwaga jiki kila Jumamosi, unasugua, panang'aa, unarudisha ndoo pale pale ikiwa inachuruzika maji, Jumatano koga imerudi. Sasa hiyo jiki ilikosea wapi? Haijakosea. Koga na ukungu vinaota penye maji, ukiondoa maji havina pa kuota. Ule utando wa pinki mnaouona kwenye kisahani cha sabuni na kwenye mikunjo ya pazia la bafu nao ni bakteria, si rangi ya sabuni, na wenyewe wanataka unyevu tu na mabaki ya sabuni ya kula.

Kwa hiyo mtu wa mwisho kuoga anakausha. Mnajua ule mpira wenye mti mrefu wa kusukumia maji sakafuni, bei yake si kubwa, uwe unaning'inia bafuni, unasukuma maji yaende kwenye tundu, dakika moja haiishi. Dirisha liwe wazi. Kama nyumba haina dirisha bafuni, wapo wengi hapa nawajua, basi mlango ubaki wazi baada ya kuoga, na taulo zisikae humo ndani kabisa, zitoke juani. Taulo linalokaukia bafuni halikauki, linapoa tu, ndo maana linatoa ile harufu hata kama jana limefuliwa.

Na hapa ndo kupanga kunapoingia. Watu wanadhani kupanga bafu ni kununua vikapu vizuri vizuri, mimi nasema kupanga bafu ni kuondoa vitu sakafuni ili maji yapite. Siku ya kwanza nikiingia kwenye nyumba naomba mkeka, nautandika nje, natoa kila kitu kilichomo bafuni nakiweka juu ya mkeka, mwenye nyumba akiwepo aone. Nyumba moja tulihesabu chupa 23, watu wanne tu wanaishi, chupa za shampoo zilizobaki kidole kimoja, mafuta yaliyoganda, dawa za kikohozi za mtoto, nyembe zenye kutu, vipande vya sabuni vimeshikana kama udongo. Mama wa watu alikaa chini akaviangalia akasema kumbe ndo maana nagongana na vitu. Tulirudisha vitu tisa.

Dawa za kumeza hazikai bafuni, joto na mvuke vinaziharibu, zikae chumbani juu, mtoto asifikie. Nyembe vile vile. Ndoo itundikwe kwenye ndoano au ilale kifudifudi juu ya kitu kilicho wazi chini, hata chaga ya mbao inatosha. Malapa ya bafuni yatundikwe ukutani. Sabuni ikae kwenye kisahani chenye matundu. Dodoki likamuliwe, litundikwe, mara moja kwa wiki lipigwe na jua, likianza kunuka au kuwa na weusi ndani tupeni jamani, msilionee huruma, linaota kwenye mmea. Miswaki isimame, isigusane, ikae mbali na choo, na vile vifuniko vya plastiki msiuvishe mswaki ukiwa mbichi.

Sasa tuje kwenye kuosha kwenyewe. Kwanza kavu kabla ya mbichi: fagia nywele na utando wa buibui kabla hujamwaga tone la maji, nywele zikishaloa zinakupa kazi mara mbili na zinaenda kuziba bomba. Pili juu kuja chini. Tatu, dawa ya choo imwagwe ya kwanza ikae inafanya kazi wakati wewe unahangaika na ukuta. Kitambaa cha sinki na cha choo visiwe kimoja hata siku moja, chagua rangi, kwangu chekundu ni cha choo na nyumba zote nnazokwenda wanajua.

Ukuta na sakafu nataka niwaambie kitu ambacho wengi hawakijui. Maji yetu yana chokaa na madini, sabuni ya mche ikikutana nayo inaganda, inafanya ule ukoko wa kijivu unaobaki kwenye beseni na kwenye tailizi. Sasa mtu anachukua sabuni ile ile ya mche anasugulia ule ukoko ulioletwa na sabuni ya mche! Utasugua mpaka usiku. Kwa ukuta wa bafu tumieni sabuni ya maji, ile ya kuoshea vyombo inatosha kabisa, haigandi hivyo.

Na ule ukoko mgumu kama jiwe, kwenye bomba, kwenye shawa, kwenye shingo ya choo, ule ni chokaa ya maji yenyewe. Jiki haiondoi chokaa. Narudia, haiondoi, inaupausha tu unaonekana mweupe, baada ya wiki unarudi kahawia umeridhika umesafisha kumbe ulipaka rangi. Chokaa inaondolewa na kitu kichachu, siki au ndimu. Shawa iliyoziba, chukua mfuko wa plastiki, tia siki, uvishe kwenye shawa funga na mpira, mfuko ubaki hapo hadi asubuhi, asubuhi fungua maji uone yanavyotoka. Bomba, lowesha kitambaa kwa maji ya ndimu, kizungushe, nusu saa, sugua na mswaki wa zamani, afu suuza vizuri. Choo cha kukaa, mwaga ndoo ya maji kwa nguvu ili maji ya ndani yashuke, kisha tia siki pale palipobaki wazi, iache usiku. Madoa ya kutu nayo usiyawekee jiki, jiki inayafanya yakolee zaidi, hayo nayo dawa yake ni ndimu.

Kuna wanaotumia asidi, ile ya dukani kwa vifaa vya ujenzi, inapimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Najua inang'arisha mara moja. Lakini inakula saruji. Sakafu ya niru au ile grauti ya katikati ya tailizi inaanza kuwa na vishimo vishimo, na kishimo ndo kinashika maji na uchafu, kwa hiyo kila mwezi sakafu inachafuka haraka kuliko mwezi uliopita. Na ile chupa, mama zangu, ile chupa ya maji ya Uhai au ya nani haijalishi, mtoto ana kiu anaiona, anajua chupa ile ni ya maji. Dawa yoyote ya choo ibaki kwenye chupa yake, juu, pamefungwa. Mtoto akinywa usimtapishe, ikirudi inaunguza koo mara ya pili, mkimbize hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Kuhusu kuchanganya dawa, hili nitalisema taratibu. Mwaka wangu wa kwanza gesti hakuna aliyenifundisha. Nilimwaga dawa ya choo ya asidi, doa likagoma, nikaimiminia jiki juu yake, chumba hakina dirisha na mlango nimeurudishia. Ikatoka hewa kali ikanishika kooni, macho yakawaka, kifua kikabana kama mtu amenikalia. Nilitoka natambaa, nilikohoa siku tatu. Ile hewa ni klorini, ni sumu, watu wamekufa nayo. Jiki na asidi havikutani, na siki ni asidi, na ndimu ni asidi, hata kama ni vya jikoni. Leo siki, suuza maji mengi, kesho jiki. Na choo kilicholala na mkojo, flashi kwanza ndo utie jiki, mkojo nao ukikutana na jiki unatoa hewa mbaya.

Jiki yenyewe haipendi uchafu. Ukiimwaga juu ya uchafu nguvu yake inaishia kwenye uchafu, vijidudu vinabaki. Osha na sabuni, suuza, ndo uweke jiki, kwa zile zilizoandikwa asilimia 3.5 mimi nachanganya kipimo kimoja na vipimo tisa vya maji ya baridi, inakaa dakika 10, nasuuza, nakausha. Ikikaa juani kwenye chupa inayoonyesha inaisha nguvu, ndo maana ya kupimiwa mtaani saa ingine haina hata harufu.

Harufu. Kuna mtu ananiambia choo nimeosha kinanuka bado. Angalia tundu la sakafuni. Chini yake bomba limekunjwa, kwenye ule mkunjo yanakaa maji, na yale maji ndo mlango unaozuia hewa ya shimo isipande. Bafu la wageni lisilotumika, yale maji yanakauka, mlango uko wazi. Hapo huhitaji dawa ya harufu, mwaga jagi la maji kila wiki, basi. Ndo sehemu pekee ya bafu nnayotaka iwe na maji. Pedi na waipsi visiingie chooni, weka dastibini yenye mfuniko.

Nimalizie na maji ya kuhifadhi maana sisi bila pipa hatuishi. Dengue ilitusumbua Dar 2014, ikarudi 2019, na yule mbu wake mwenye miguu ya mabaka meupe, anayeuma mchana, anazaliwa kwenye maji masafi ya pipa lako la bafuni, si mtaroni. Anabandika mayai ukutani mwa pipa juu kidogo ya maji, na mayai yanaweza kukaa makavu miezi, ukijaza maji yanaanguliwa, wiki moja hadi siku kumi hivi ni mbu. Kwa hiyo kumwaga maji tu haitoshi, kila wiki sugua ukuta wa ndani wa pipa kwa brashi, afu mfuniko. Mbu wa usiku wanaoleta matende na mabusha wao wanazaliwa kwenye maji ya shimo la choo. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga chenga za polistairini, zile punje nyeupe nyepesi, juu ya maji ya mashimo ya vyoo, zikaelea zikafunika uso wa maji, mbu akakosa pa kutagia, mbu wale wakapungua sana, na watu walipewa dawa ya matende pia. Nyie mfuniko wa shimo uzibe vizuri, na bomba la hewa lifungwe wavu juu.

Haya, swali la mama aliyevaa khanga ya kijani: sisi tumepanga familia sita choo kimoja, zamu haifuatwi, nifanyeje. Mama, nimeishi huko. Mimi nilichoona kinafanya kazi ni kupunguza kilichomo. Kila mtu awe na beseni lake la kuogea, anaingia nalo anatoka nalo, ndani kinabaki brashi, mpira wa maji na kopo. Hapo hakuna wa kusema uchafu ule ni wa fulani. Na zamu isiwe ya kuosha tu, iwe ya kukagua jioni kama sakafu ni kavu, ni kazi ndogo hakuna anayeikwepa. Lile kopo la kuchambia, mshikio wake msiusahau, kila mtu anaushika, choo chenyewe hukishiki. Mshikio usuguliwe kwa sabuni kila siku, na nje ya mlango wekeni kibuyu chirizi, lile dumu la kunawia linalotundikwa, na sabuni imefungwa kamba.

Sasa mwenye nyumba ametupa ruhusa tukaone bafu lake, na amesema hajaligusa tangu asubuhi, ndo vizuri. Tuingie watatu watatu maana ni dogo. Dada, nisaidie kuutandika huo mkeka hapo uani, tutaanza kwa kuvitoa vyote nje.